Spana Nyeusi ya Mzee

Leo sitaandika habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze habari ya spana. Usicheke. Shamba lako linaweza kupitwa na mvua ya kwanza kwa sababu ya spana moja tu. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni bwana shamba. Umri wangu ni miaka arobaini na kitu. Nilisoma chuo cha kilimo, nikapata cheti. Chuoni tulijifunza udongo, magugu, wadudu, na mifugo kidogo. Habari za trekta tulifundishwa pia, lakini tulichora zaidi kuliko tulivyoshika. Kwa hiyo nilipopelekwa kufanya kazi wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, nilijua jina la kila sehemu ya plau. Lakini kuchagua spana sokoni sikujua.

Mwaka 2019 kikundi kimoja cha wakulima walichanga fedha zao. Walinunua trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 135, pamoja na plau yake ya diski tatu. Fedha hizo zilitoka katika alizeti na mbuzi wao. Mwenyekiti wa kikundi akaniita. Akasema, "Bwana shamba, wewe ndiye uliyesoma. Tununulie spana." Akanipa shilingi 40,000.

Nilikwenda mjini siku ya gulio. Chini ya mti palikuwa na mtu ametandika turubai. Juu ya turubai alikuwa na rundo la spana kuukuu, nyeusi, nyingine zina kutu. Hatua chache mbele kulikuwa na duka. Dukani niliona seti mpya ya spana 12. Zilikuwa zinang'aa kama kioo, zimepangwa ndani ya mkoba mzuri wa plastiki. Bei yake shilingi 35,000.

Ndugu msomaji, nitakueleza ukweli. Niliona aibu kurudi kijijini na vyuma vyenye kutu. Nilisema moyoni, watu watadhani nimekula fedha yao. Nikanunua zile zinazong'aa. Wakulima walipoziona walifurahi sana. Hata chenji walinipa ninywe soda.

Desemba ikafika. Mvua ilianza vizuri. Anayelima Kongwa anaujua udongo wa huku. Ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ukipata mvua unalainika kwa siku chache, na siku hizo ndizo za kulima. Siku ya pili ya kulima, diski moja ya plau ililegea. Kazi ilikuwa ndogo. Kulikuwa na nati moja kubwa ya kufungua ili diski iwekwe sawa, halafu kuikaza tena.

Kijana dereva akafungua ule mkoba. Spana namba 28 haikuingia. Spana namba 30 iliingia, lakini ilicheza. Basi tukafanya kama watu wengi wanavyofanya. Tulikata kipande cha bati, tukakipachika katikati ya spana na nati ili kuziba nafasi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekikata kile kipande.

Kijana akavuta kwa nguvu zake zote. Mdomo wa spana ukatanuka kama mdomo wa kambare. Spana ikachomoka, na mkono wake ukapiga kwenye ukingo wa diski. Damu ilitoka nyingi. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, akashonwa. Kidole cha kati cha mkono wake wa kulia hakikunji tena hadi leo. Yeye hanilaumu. Lakini kila nikimsalimia kwa mkono nakihisi kidole kile.

Trekta lilisimama shambani siku mbili. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu waliokuwa katika zamu ya kulimiwa walikuja kuangalia, wanaondoka bila kusema neno. Wengine walirudia jembe la mkono. Pembe za nati zilikuwa zimelika. Tulipiga kwa nyundo na patasi, tukazidi kuharibu.

Siku ya tatu asubuhi alikuja mzee mmoja jirani. Alikuwa amefunga kitu katika kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba, bwana shamba. Kazi hii mnaifanya kwa hasira. Nati haifunguki kwa hasira."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na spana ya ringi, yaani ile ambayo kichwa chake ni duara na inaishika nati pande zote. Ilikuwa nyeusi, ndefu kidogo kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Akatuambia tumwagie nati mafuta ya taa, tusubiri. Alikaa chini ya mbuyu akaongea habari za mbuzi wake. Baadaye akaweka spana juu ya nati, akaigonga taratibu kwa nyundo mpaka ikakaa hadi chini, mahali ambapo pembe hazijalika. Akamwambia mwenyekiti avute. Nati ikalia, halafu ikageuka.

Nilimwuliza mzee ameipata wapi. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kitu ambacho chuoni sikukisikia.

Labda umesikia kwa wazee habari za mashamba ya karanga. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yao ikaamua kulima karanga kwa wingi sana katika Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 hapa Kongwa. Baadaye walilima Urambo na Nachingwea pia. Waliyaleta matrekta kwa haraka. Mengi hayakuwa mapya. Yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalitoka katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Walichukua hata vifaru vya vita wakavigeuza kuwa matrekta ya kung'olea miti.

Udongo wa Kongwa haukuwaonea huruma. Mibuyu na mizizi ilivunja vyuma. Udongo mkavu ulilika majembe. Mvua nayo haikutosha. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Karanga zilizovunwa zilikuwa kidogo mno.

Lakini katika miaka ile Kongwa ilikuwa na gereji kubwa. Watu wetu wengi walifanya kazi humo, wakajifunza kufungua na kufunga mashine. Baba wa mzee huyu alikuwa mmoja wao. Kazi ilipokwisha, fundi mkubwa wake alimwachia spana ile na nyundo moja. Nyundo ilipotea zamani. Spana imebaki. Imefungua matoroli, mashine za kusaga, baiskeli na pampu za visima. Wala mdomo wake haujatanuka.

Sasa utaniuliza, kwa nini spana ya mwaka 1950 au kabla yake iliingia kwenye nati ya trekta letu, na spana mpya haikuingia? Nami nilijiuliza hivyo. Jibu lina historia ndefu, lakini nitalieleza kwa ufupi.

Zamani huko Uingereza kila karakana ilikata meno ya bolti kwa namna yake. Bolti ya karakana hii haikuingia kwenye nati ya karakana ile. Mwaka 1841 fundi mmoja Mwingereza, jina lake Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja kwa wote. Polepole wakakubali. Spana za kipimo chake zina herufi W. Lakini kuwa mwangalifu! Namba iliyo juu ya spana ya W ni unene wa bolti. Si upana wa nati. Ukiona spana imeandikwa 1/2 W, mdomo wake unakaribia inchi nzima. Watu wengi wamenunua spana hizo, wakafika nyumbani wakashangaa.

Wamarekani walifuata njia nyingine. Kwao, namba iliyo juu ya spana ikawa ni upana wa nati yenyewe, kutoka ubavu huu hadi ubavu wa pili. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kutumia meno ya aina moja katika bolti zao. Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964, wakati Waingereza walikuwa bado wanatumia inchi. Mwaka uliofuata, 1965, serikali yao ilitangaza kwamba viwanda vihamie kwenye milimita. Kwa hiyo trekta letu lilizaliwa mlangoni kabisa, wakati wa zamani unatoka na wa sasa unaingia.

Spana ya mzee imegongwa 1-1/8, yaani inchi moja na sehemu moja ya nane. Nati yetu ilikuwa hivyo hivyo. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukipiga hesabu utapata kwamba nati ile ni milimita 28 na nusu na kidogo. Ndiyo maana namba 28 ilikataa na namba 30 ilicheza. Namba katika seti yangu ya kioo zote zilikuwa za milimita. Nilinunua lugha nyingine, trekta likawa halisikii.

Kuna spana nyingine ya inchi ambayo ningependa uijue. Harry Ferguson alizaliwa Ireland. Yeye ndiye aliyeeneza mtindo wa kufunga plau kwenye trekta kwa mikono mitatu, na hata leo matrekta mengi yanafunga hivyo. Tangu mwaka 1946 trekta lake dogo la rangi ya kijivu lilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza. Alilitolea spana yenye alama za inchi kwenye mpini wake. Mkulima aliitumia kukazia nati, kisha akaitumia kama rula ya kupimia plau yake. Nilipoambiwa habari hii nilicheka kwa furaha. Mtu yule aliwafikiria wakulima.

Lakini kosa langu halikuwa la kipimo peke yake. Spana yangu ilitanuka. Spana nzuri haitanuki hivyo, hata ikicheza. Zile zilikuwa za chuma laini kilichopakwa rangi ya kung'aa.

Spana nzuri hutengenezwa hivi. Kipande cha chuma cha pua huchomwa mpaka kinakuwa chekundu. Halafu hupigwa kwa nyundo kubwa ya mashine ndani ya umbo, kama mhunzi anavyofua jembe, ila kwa nguvu nyingi zaidi. Kisha huchomwa tena, hupozwa ghafla, na mwisho hupashwa moto kidogo ili kisiwe kikavu cha kuvunjika. Kazi hiyo ni ndefu na ina gharama. Mtu anayetaka kuuza rahisi huiruka. Humimina chuma kwenye kalibu, au hukata bamba laini, akalipaka rangi ya fedha. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa nati utazitofautisha.

Juu ya spana nyingi nzuri utakuta maneno CHROME VANADIUM yamegongwa. Hayo ni majina ya madini mawili yanayochanganywa na chuma ili kiwe kigumu na kisivunjike. Utakuta pia jina la kiwanda. Gedore ni la ndugu wa ukoo wa Dowidat wa mji wa Remscheid, Ujerumani, walioanza kazi mwaka 1919. Ukitazama, jina hilo limetoka katika herufi za mwanzo za maneno yao. Stahlwille ni la Ujerumani pia. King Dick ni la Birmingham, Uingereza. Bahco ni la Sweden, nchi ya fundi Johan Petter Johansson, aliyepata hati ya spana yake ya kurekebisha mwaka 1892. Unaijua spana hiyo. Ina kigurudumu kidogo cha kufungulia na kufungia mdomo. Mafundi wetu huiita spana malaya, kwa sababu haina nati yake moja. Jina hilo si zuri kuliandika gazetini, lakini ukienda gereji ukaita jina lingine hawatakuelewa. Mimi siipendi kwa nati iliyokwama. Ina mchezo, na mchezo ndio uliokula kidole cha kijana wetu.

Sisemi majina haya ili kutangaza biashara ya mtu. Na maneno yenyewe siku hizi hugongwa hata juu ya chuma kibaya. Kwa hiyo usinunue maneno. Pia usidhani kila cha zamani ni kizuri. Zamani walitengeneza takataka vilevile, ila nyingi zilivunjika zikatupwa. Zilizobaki hadi leo zimeshachujwa na kazi yenyewe.

Siku hizi nikienda gulioni naanzia kwenye turubai chini ya mti. Mfukoni nina nati. Ndiyo, nati yenyewe ya mashine ninayoitafutia spana, au nyingine kama hiyo. Naiingiza katika mdomo wa spana pale pale mbele ya mwuzaji. Ikicheza, naweka chini. Sihitaji kuuliza namba, wala kujua kama ni ya W au ya milimita. Hata mtu asiyejua kusoma namba anaweza kupima hivyo.

Kisha natazama midomo ya spana. Kingo zake mbili ziwe zimenyooka sambamba. Zikiwa zimeachana mbele, spana hiyo imeshatanuka, iache. Spana iliyounganishwa kwa kuchomelea iache pia. Naining'iniza kwa uzi, naigonga kwa nati. Chuma kizima kilichofuliwa hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kigae. Mwuzaji akikubali, nagusa kwa tupa mahali pasipo na kazi. Chuma laini tupa huingia upesi kama katika sabuni. Chuma kizuri tupa huuma kwa shida.

Kuna jambo moja nililifahamu nimechelewa. Katika rundo la chuma chakavu kuna spana zilizopita motoni. Labda nyumba iliungua, au mtu aliziweka zikashikilia chungu jikoni. Chuma cha namna hiyo hupoteza ugumu wake, kinakuwa laini kabisa, hata kama kina jina la kiwanda kikubwa. Ukiona kina magamba kama ya chuma kilichotoka kwa mhunzi, muulize mwuzaji kimetoka wapi. Na ukiona jina la mradi au la shirika limefutwa kwa tupa juzi juzi, usiulize hata bei. Ondoka. Mali ya wizi itakupeleka polisi pamoja na plau yako.

Kutu ya juu isikutishe. Iloweke spana katika mafuta ya taa usiku kucha, mbali na moto na mbali na watoto. Asubuhi isugue kwa brashi ya waya, ikaushe, ipake oili kidogo. Kutu iliyochimba mashimo midomoni ni jambo jingine. Hiyo imekula kipimo.

Patasi kuukuu nazo zinafaa sana, ila tazama kichwa chake. Kikigongwa miaka mingi hupasuka na kukunjuka kama uyoga. Vipande vyake huruka, na jicho halina spea. Sugua kingo hizo zote kwa jiwe la kunolea kabla hujagonga.

Baada ya mavuno ya mwaka 2020 nilirudi gulioni na mwenyekiti wa kikundi. Safari hii mkoba wetu ulikuwa gunia. Tulichagua spana saba tu, zote za inchi, zote nyeusi, kwa jumla ya shilingi 28,000. Tulichukua muda tangu asubuhi hadi adhuhuri, mwuzaji akachoka na sisi. Spana hizo zipo hadi leo katika ghala la kikundi, kila moja inaning'inia kwenye msumari wake. Ile seti yangu ya kioo bado ipo nyumbani kwangu. Natumia namba 10 kufungia baiskeli ya mtoto.

Lakini spana ya inchi moja na sehemu moja ya nane hatukuipata gulioni, wala hatujaipata mpaka sasa. Tulimwomba mzee atuuzie yake. Alikataa. Tukaongeza bei, akakataa. Alisema, "Nitawaazima. Lakini isilale nje ya nyumba yangu."

Kwa hiyo kila msimu, plau ikihitaji kurekebishwa, kijana dereva huenda asubuhi kwa mzee, hubisha hodi, hupewa ile spana katika kitambaa chake. Tunafungua, tunakaza, tunaipangusa. Jioni kijana huirudisha, ameishika kwa mkono ule ule wa kulia, kabla jua halijazama.